Tangazo la Intaneti kwa Jamaa za Askari: Neno Lipi Linunuliwe, na kwa Upana Gani

Katika kambi za jeshi na kota za polisi, mama mwenye cherehani ni mtu wa kawaida kama mlinzi wa langoni. Mshahara wa askari huja mara moja kwa mwezi, na mahitaji ya nyumbani huja kila siku. Kwa hiyo wake wengi wa askari hushona, hufuga kuku, huoka mikate, au hupangisha chumba kimoja kilichojengwa kwa akiba ya miaka mingi. Zamani mteja wa biashara hizo alikuwa jirani wa mlango wa tatu. Siku hizi mzazi anayetaka sare ya mtoto wake hutoa simu mfukoni, huandika maneno mawili matatu katika mtambo wa kutafuta wa Google, na kungoja jibu. Mwenye kushona naye aweza kulipa fedha ili jina la biashara yake litokee juu ya majibu hayo. Makala haya yanahusu jambo moja tu katika matangazo ya namna hiyo, lakini ni jambo ambalo kwa sababu yake fedha za nyumbani huweza kupotea pasipo mwizi kuonekana. Jambo lenyewe ni upana wa maneno tunayoyanunua.

Kwanza yafaa tulieleze soko. Mwaka 1998 kampuni moja ya California iliyoitwa GoTo.com, iliyoanzishwa na Bwana Bill Gross, ilianza kuuza kwa mnada nafasi katika majibu ya utafutaji. Mwenye kutaja bei kubwa kwa neno fulani ndiye aliyetangulia, naye alilipa pale tu mtu alipobofya tangazo lake. Google ilifungua soko lake mwezi Oktoba 2000 ikiwa na watangazaji 350, na mwaka 2002 nayo ikafuata desturi ya kulipisha kwa kila bofyo. Tangu 2018 huduma hiyo huitwa Google Ads. Mnada ungalipo, isipokuwa mshindi hachaguliwi kwa bei peke yake: ubora wa tangazo, na wa ukurasa ambao mbofyaji anapelekwa, huhesabiwa pia.

Tuyatazame vizuri maneno hayo, “kwa kila bofyo”. Ubao uliopakwa rangi ukatundikwa kando ya barabara hulipiwa mara moja, na wapita njia elfu wakiusoma bila kununua hawamtoi mwenyewe senti moja. Tangazo la mtambo wa kutafuta si hivyo. Kila anayelibofya analipiwa na mwenye tangazo, awe amekuja na fedha mkononi, awe mwanafunzi anayetafuta picha ya kuchora, au awe mtu aliyepotea njia kabisa.

Amri tatu za mlinzi

Askari wataelewa upesi kuliko raia. Kila tangazo lina kota gadi yake, na mlinzi aliyesimama pale ni mashine ya kampuni. Mtu anapoandika jambo analolitafuta, mlinzi huyo hulipima na maneno uliyoyanunua, kisha huamua kama tangazo lako lionyeshwe au lisionyeshwe. Mlinzi hakufahamu wala hafahamu nyumba yako. Hufuata amri uliyomwachia. Na amri zenyewe ni tatu.

Amri ya kwanza ni ya ulinganisho mpana. Neno huandikwa bila alama yo yote, kama hivi: sare za shule. Maana yake kwa mlinzi ni kwamba ampitishe ye yote anayeelekea kuwa na shughuli inayohusiana na hii, hata kama hakutaja neno hata moja kati ya yale uliyoyaandika. Kampuni yenyewe katika maelezo yake hutoa mfano wa mtu aliyenunua maneno ya mpango wa chakula chenye wanga kidogo. Tangazo lake laweza kuonyeshwa kwa mtu aliyeuliza habari za vyakula vya nchi za Mediterania. Hapo mashine imeruka kutoka wazo hadi wazo, nawe ndiwe unayelipa nauli ya kuruka huko.

Amri ya pili ni ya ulinganisho wa kifungu. Maneno hutiwa ndani ya alama za kunukuu: “sare za shule”. Mlinzi huambiwa kwamba maana ya kifungu hicho hapana budi iwemo ndani ya maneno ya mtafutaji, ingawa mengine yaweza kuongezwa mbele au nyuma. Anayeandika “bei ya sare za shule Jinja” atapita. Anayeuliza habari za viti vya shule hatarajiwi kupita.

Amri ya tatu ni ya ulinganisho kamili, nayo huandikwa katika mabano ya mraba: [sare za shule]. Jina lake lingemfanya mtu adhani kwamba hapiti ila yule aliyetamka neno la siri kama lilivyo, herufi kwa herufi. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Sasa sivyo, na habari hiyo tutaieleza mahali pake.

Ieleweke kwamba mtu asipoweka alama yo yote, amri inayoshika ni ile ya kwanza, iliyo pana kupita zote. Mama anayefungua hesabu yake jioni, watoto wakilia na chakula kikiwa jikoni, huandika maneno yake kwa kawaida kama aandikavyo barua, akabonyeza mbele, akalala. Bila kujua amewaambia walinzi wafungue lango lote.

Mama wa Jinja na cherehani yake

Tuchukue mfano wa kubuni. Mke wa sajini mmoja anayeishi Jinja anashona sare za watoto wa shule. Mumewe yuko kazini mbali, na uamuzi wa matumizi ya nyumbani uko mikononi mwake. Anatenga shilingi 6,000 kwa siku kwa ajili ya tangazo, majuma machache kabla ya shule kufunguliwa. Tuseme kila bofyo linamgharimu shilingi 300. Basi kwa siku anapata mabofyo 20, na kwa siku kumi mabofyo 200, ambayo gharama yake ni shilingi 60,000.

Akiwa ameacha amri pana, watakuja akina nani? Watakuja wazazi, bila shaka. Lakini watakuja pia wanaotaka kujifunza kushona, wanaotafuta cherehani ya mitumba, wanaotaka kazi kiwandani, walimu wanaotafuta kanuni za mavazi ya wanafunzi, na vijana wanaoangalia picha za mishono mipya. Tuseme katika wale 200, wazazi halisi ni 30, na kati ya wazazi kumi mmoja huagiza. Ameuza mara tatu. Kama kila agizo linamletea faida ya shilingi 15,000, amepata 45,000 kwa kutoa 60,000. Amefanya kazi siku kumi ili apoteze shilingi 15,000, na jambo baya zaidi ni kwamba hatajua. Ataona wageni 200 waliofungua ukurasa wake na kufurahi kwamba biashara imechangamka.

Sasa tuseme alitia maneno yake katika alama za kunukuu, akaongeza jina la mji. Wageni watapungua sana. Labda kwa siku hizo kumi atapata mabofyo 40, na bei ya kila moja huenda ikapanda hadi shilingi 400 kwa kuwa wanaogombea mteja aliye tayari kununua ni wengi. Gharama ni shilingi 16,000. Lakini wale wazazi 30 bado wamo, na maagizo matatu bado yamo. Zile 45,000 zikitolewa 16,000 zinabaki 29,000. Hesabu hizi ni za kufundishia tu, wala bei za kweli hazilingani mahali pote. Hata hivyo umbo lake ndilo ambalo kila mwenye biashara ndogo hana budi kulipima kwa tarakimu zake mwenyewe. Idadi ya wageni haimlishi mtoto.

Yafaa pia kujua kwamba kiasi cha siku si ukuta. Kampuni yaweza kutumia hadi mara mbili ya kiasi ulichotaja katika siku moja yenye watafutaji wengi, mradi kwa mwezi isizidi kiasi hicho mara 30.4. Mama wetu aliyetaja shilingi 6,000 aweza kukuta siku moja imekatwa 12,000, na kwa mwezi mzima akatwe hadi 182,400. Mwenye mshahara mmoja nyumbani apige hesabu ya mwezi kwanza, kisha ndipo aigawanye kwa siku.

Maneno ya Kiswahili yana mitego yake

Ushauri mwingi wa matangazo haya umeandikwa kwa kuifikiria lugha ya Kiingereza. Kiswahili kina tabia zake. Neno “sare” lenyewe lina maana mbili: vazi la kufanana, na mchezo uliokwisha pasipo mshindi. Mama anayenunua neno “sare” peke yake, kwa amri pana, amejiweka katika njia ya mashabiki wote wa mpira siku ya Jumamosi jioni. Timu mbili zikitoka sare, yeye ndiye atakayelipa.

Tena, neno ambalo mwalimu wa Kiswahili angeliandika siyo lazima liwe neno ambalo mzazi huliandika. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tutaandika “sare za shule”. Mzazi wa Jinja au Mbale yu tayari kuandika “yunifomu”, au akaandika kwa Kiingereza, au akachanganya lugha mbili katika mstari mmoja. Serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, lakini kidole cha mtu juu ya simu hakifuati uamuzi wa Baraza la Mawaziri. Kwa hiyo mtangazaji asikae mezani akatunga maneno mazuri. Awaulize wateja wake kumi, “Ungetaka kunitafuta, ungeandika nini?” na majibu yao ayaandike kama yalivyo, pamoja na makosa yake.

Jambo la tatu ni umoja na wingi. Katika Kiingereza wingi wa neno aghalabu huonekana mwishoni. Katika Kiswahili hugeuka kichwani: shati na mashati, fundi na mafundi, chumba na vyumba. Kampuni husema mashine yake huhesabu umoja na wingi kuwa kitu kimoja. Hata hivyo gharama ya kuandika yote mawili katika orodha ni sifuri, na ningemshauri ye yote anayetangaza kwa Kiswahili ayaandike yote mawili kuliko kuiachia mashine iliyolelewa kwa lugha nyingine.

Orodha ya wasioruhusiwa

Pamoja na amri tatu za kupitisha, mwenye tangazo hupewa uwezo wa kuandika maneno ya kuzuia. Mtafutaji akilitaja neno la kuzuia, tangazo halionyeshwi, hata kama mengine yote yamekubaliana. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu yenye manufaa makubwa kuliko zote kwa mtu mwenye fedha kidogo, na ndiyo ambayo watu huiruka.

Mama wetu ataanza na yaliyo wazi: mpira, mechi, ligi, picha, mitumba, kazi, mafunzo, bure. Hapo hakuna la kubishaniwa. Lakini nyumba ya askari ina jambo jingine lililo zito. Anayeuza “sare” na anaishi kambini ataulizwa sare za jeshi. Nguo za jeshi si bidhaa ya raia. Kwa sheria za Uganda mtu akikutwa nazo bila idhini ana kesi ya kujibu, na mke wa sajini hataki hata kuonekana katika majibu ya mtu anayezitafuta. Basi ataandika neno “jeshi” na neno “polisi” katika orodha ya kuzuia, na atadhani amemaliza.

Hajamaliza. Pengine amejifungia wateja wake walio karibu kuliko wote. Zipo shule za watoto wa askari, na mzazi anayeandika “sare za shule ya msingi ya polisi” ni mteja halisi, tena jirani. Neno “polisi” likizuiwa peke yake, mzazi huyo hataliona tangazo kamwe. Dawa yake ni kutumia upana ule ule tuliouzungumza, safari hii kwa upande wa kuzuia. Azuie kifungu kizima ndani ya alama za kunukuu: “sare za polisi”, na “sare za jeshi”. Kwa amri hiyo mlinzi humzuia yule aliyeyataja maneno hayo kwa mfuatano huo tu. Yule wa “sare za shule ya msingi ya polisi” hupita, kwa sababu neno “shule” limeingia katikati na kuuvunja mfuatano.

Na hapa kuna tofauti inayowapotosha wengi. Maneno ya kupitisha hutanuliwa na mashine hadi kwenye maana zinazokaribiana. Maneno ya kuzuia hayatanuliwi hivyo. Ukizuia “mshono”, hujazuia “mishono”. Ukizuia “sare za jeshi”, hujazuia “nguo za jeshi” wala “yunifomu za jeshi”. Kila moja huandikwa peke yake. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kwamba neno la kuzuia litashika pia makosa yake ya tahajia, nayo ni nafuu. Lakini umoja, wingi na maneno ya maana moja bado ni kazi ya mwenye tangazo. Msomaji ataona lango hili limeelekea upande gani: la kuingilia hufunguka lenyewe, la kutokea husukumwa kwa mkono.

Orodha ya kuzuia haiwi kamili siku ya kwanza. Hujengwa kwa kusoma taarifa ya maneno yaliyotafutwa, ambayo hupatikana ndani ya hesabu ya mtangazaji na huonyesha watu waliandika nini hasa kabla ya kubofya. Katika juma la kwanza isomwe kila siku, baadaye mara moja kwa juma yatosha. Ni kama kitabu cha wageni langoni: unamkuta aliyekuja kutafuta cherehani, unamwandika, unamkuta aliyekuja kutafuta kazi, unamwandika. Pia utakutana na neno zuri ambalo hukulifikiria, ukalihamishia katika orodha ya kununua. Ila tangu Septemba 2020 kampuni huonyesha katika taarifa hiyo maneno yaliyotafutwa na watu wa kutosha tu, kwa sababu ilizozieleza kuwa za kulinda faragha. Sehemu ya mabofyo utakayolipia haitakuwa na maelezo. Kwa mfanyabiashara mkubwa hilo ni dogo. Kwa mwenye mabofyo 40, kitabu cha wageni chenye kurasa zilizochanwa si jambo dogo.

Jinsi “kamili” ilivyoacha kuwa kamili

Tuliahidi kurudi katika amri ya tatu. Mabadiliko yalikuja polepole, na kila moja lilipokuja peke yake lilionekana la busara. Mwaka 2012 kampuni iliruhusu neno la mabano ya mraba lishike pia wingi na makosa madogo ya tahajia, lakini asiyetaka aliweza kukataa. Mwaka 2014 uwezo wa kukataa uliondolewa. Mwaka 2017 mpangilio wa maneno ukaacha kuzingatiwa, pamoja na maneno madogo ya kuunganisha, pale ambapo maana haikubadilika. Mwaka 2018 ukaja mlango mkubwa zaidi: maneno tofauti yenye maana ile ile. Mfano uliotolewa na kampuni ulikuwa wa mbuga ya Yosemite huko Marekani. Aliyenunua neno kamili la kupiga kambi Yosemite angeonyeshwa pia kwa mtu anayetafuta viwanja vya kambi vya Yosemite, lakini siyo kwa anayetafuta hoteli za huko.

Kulikuwa na amri ya nne pia, iliyowekwa mwaka 2010, ambamo mtangazaji alitia alama ya kujumlisha mbele ya kila neno ambalo lazima liwemo. Watangazaji wa fedha kidogo waliipenda sana, kwa kuwa iliwaruhusu kuwa wapana bila kupoteza usukani. Mwaka 2021 iliondolewa na kazi yake kuingizwa katika ulinganisho wa kifungu. Mtu akikuonyesha kitabu cha mafunzo chenye alama za kujumlisha, ujue kimepitwa na wakati.

Jambo hili lilifika hata mahakamani. Katika kesi ya Serikali ya Marekani dhidi ya Google, Jaji Amit Mehta wa mjini Washington aliamua tarehe 5 Agosti 2024 kwamba kampuni hiyo ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, katika utafutaji wa jumla na katika matangazo ya maandishi yanayoambatana nao. Miongoni mwa mambo yaliyopimwa ni hilo la watangazaji kutoweza kujitoa katika utanuzi wa maneno yao, utanuzi ambao huwaingiza wanunuzi wengi zaidi katika kila mnada. Walioshitaki waliomba kampuni ilazimishwe kurudisha ulinganisho ulio kamili kweli. Katika hukumu ya tarehe 2 Septemba 2025 jaji alikataa ombi hilo. Aliagiza tu kwamba mabadiliko makubwa ya mnada yatangazwe hadharani. Kwa hiyo ye yote anayesubiri zile mabano za zamani zirudi kwa amri ya mahakama hiyo, asiweke bajeti yake juu ya tumaini hilo.

Haki ya upande wa pili nayo isemwe. Google imekuwa ikieleza kwa miaka mingi kwamba karibu asilimia 15 ya maswali inayopokea kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Hakuna mtu anayeweza kuyaandika mapema maneno ambayo hayajazaliwa. Ulinganisho mpana huyakamata. Ulinganisho mwembamba huyaacha yapite. Kampuni hushauri upana huo utumiwe pamoja na mtindo wa kuiachia mashine ipange bei ya kila mnada. Mashine hiyo ikiwa na kumbukumbu za mauzo mengi yaliyokwisha kufanyika, hujifunza ni watafutaji wa aina gani hununua, na kwa makampuni makubwa mara nyingi hufanya kazi nzuri. Lakini inahitaji mauzo ya kujifunzia. Biashara yenye maagizo matatu kwa siku kumi haina cha kuifundisha, na wakati mashine inajifunza karo inalipwa na mama wa cherehani. Tena tusisahau kwamba mshauri huyu ndiye pia muuza mabofyo.

Hata wakubwa wamewahi kulipia upepo. Mwaka 2012 kampuni ya mnada ya eBay iliacha kwa majaribio kulipia matangazo yaliyojitokeza watu walipoandika jina lake lenyewe katika baadhi ya mitambo ya kutafuta. Wachunguzi wake walikuta kwamba asilimia 99.5 ya wageni waliokuwa wakija kwa kubofya tangazo waliendelea kuja kupitia majibu ya kawaida, yasiyolipiwa. Mtu anayekutafuta kwa jina lako tayari anakujia. Katika jaribio jingine walisimamisha matangazo ya maneno ya kawaida kwa siku 60 katika maeneo yenye karibu asilimia 30 ya biashara yao ya Marekani, na mauzo hayakutikisika kwa kiasi cha maana. Waliovutwa kweli na matangazo walikuwa wale wasioijua kampuni au wanaonunua kwa nadra. Kwa mama wetu maana yake ni moja: fedha zake ziende kwa mzazi mgeni asiyemfahamu, siyo kwa jirani ambaye angegonga mlango hata hivyo.

Mpango ninaoupendekeza

Kwa mwenye kiasi kidogo, ningeanza na vifungu vitano hadi kumi ndani ya alama za kunukuu, vyenye bidhaa na mahali: “sare za shule Jinja”, “yunifomu za shule Jinja”, “fundi wa sare za shule”, na kadhalika, kila kimoja kwa lugha ambazo wateja hutumia. Mabano ya mraba ningeyatumia kwa neno lile moja au mawili ambalo tayari limeonekana kuleta maagizo, ili nilitolee bei kubwa kidogo kuliko mengine. Amri pana nisingeigusa hata mwezi wa kwanza uishe, na nikiigusa ningeipa kampeni yake yenyewe na fedha zake zenyewe, ili hasara yake isijifiche nyuma ya faida ya wenzake.

Katika sehemu ya mahali, achague watu walio katika mji wake au wanaokwenda huko mara kwa mara. Mpangilio unaotangulizwa huwapokea pia wanaoonyesha tu kuvutiwa na mahali hapo, na mtu aliye ng'ambo anayesoma habari za chanzo cha Mto Nile hatanunua kaptula ya mtoto. Kadi ya benki inayolipia tangazo isiwe ile inayopokea mshahara. Iwe ya hesabu ndogo inayotiwa kiasi cha mwezi huo tu, hasa pale ambapo mwenye mshahara yuko safari ya kazi na hawezi kuulizwa kila siku.

Mume naye, akirudi likizo, asiulize wageni wangapi walifungua ukurasa. Aombe kuona mambo mawili: taarifa ya maneno yaliyotafutwa, na daftari la maagizo. Ayalinganishe mstari kwa mstari pamoja na mkewe. Saa moja yatosha, na neno lililokula fedha majuma matatu bila agizo hata moja lisimamishwe hapo hapo mezani.

Sare zina msimu wake. Shule zikishafunguliwa na majuma mawili yakapita, watafutaji hubaki wachache na wengi wao si wazazi. Tangazo lisimamishwe, lisifutwe, kwa sababu orodha ya kuzuia iliyojengwa kwa shida itahitajika tena kabla ya muhula unaofuata.